Taa ya injini haizimiki: kidude cha simu, skana ya gereji au fundi mwenye mita?

Kama una gari ya zamani hapa Mombasa basi ile taa ya manjano yenye picha ya injini unaijua. Inawaka leo, unapeleka gereji inazimwa, unalipa, siku nne tano baadaye unatoka zako Bamburi unafika Nyali Bridge hiyo imewaka tena. Na kila unayemuuliza ana lake, mmoja anakwambia nunua kidude cha kuchomeka usome mwenyewe kwa simu, mwengine anakwambia peleka kwa mashine kubwa, mwengine hata hajafungua boneti anakwambia hiyo ni sensa tu bwana, badilisha. Mie nshapita njia zote hizo na gari moja, Toyota Corolla NZE ya 2003 ya injini ya 1NZ, na nyengine nimezipita na magari ya watu wa nyumbani, kwa hivyo naziweka hapa pamoja uangalie ipi inakufaa kabla hujatoa pesa.

Kwanza tuelewane kuhusu ile namba ya kosa, maana pesa nyingi zinapotelea hapo. Namba haikutajii spea iliyokufa, inakutajia kitu ambacho kompyuta ya gari haijakipenda. Chukua P0171, namba iliyonisumbua mie miezi. Maana yake ni hewa nyingi petroli kidogo, basi. Hewa hiyo imeingilia wapi au petroli imepungukia wapi kompyuta haijui. Inaweza kuwa mpira wa kupitisha hewa umepasuka, sensa ya hewa (kipimo cha hewa inayoingia injini) imeshika vumbi, pampu imechoka, filta ya petroli imeziba, injekta chafu, au ekzosti inavuja kabla ya sensa ya oksijeni (kipimo cha oksijeni kwenye moshi) ikavuta hewa ya nje na kumdanganya kompyuta. Hayo ni mambo sita na namba ni moja. Sasa mtu akisoma P0171 akakimbia kununua sensa ya oksijeni, kwa sababu sensa ya oksijeni ndiyo iliyotoa taarifa, amefanya kama kumpiga aliyeleta habari ya msiba.

Mie ndivyo nilivyofanyiwa. Gereji ya kwanza walisoma, wakabadilisha sensa ya oksijeni, wakafuta, taa ikazimika. Siku ya nne ikarudi. Gereji ya pili wakasafisha sensa ya hewa wakafuta, ikarudi. Hakuna hata mmoja aliyepima kitu, wote walisoma wakabadilisha.

Kubadilisha kwa kubahatisha

Nianze na hii kwa sababu ndiyo watu wengi wanayoishia nayo bila kujua wameichagua. Inaonekana rahisi kwa sababu hulipi kupima, unalipa spea na kazi. Lakini spea ya kwanza ikikosea unalipa ya pili, na ya kwanza hairudishwi dukani, na mbaya zaidi sensa ya zamani nzima ishatolewa imewekwa kopi ambayo pengine haifanyi kazi vizuri kama ile ya kwanza, kwa hivyo sasa una matatizo mawili. Mie naikubali pahali pamoja tu, plagi na filta ya hewa ambazo muda wake umepita, hizo badilisha hata bila taa kwa sababu ni sabisi ya kawaida. Zaidi ya hapo sikushauri.

Na kutoa terminali ya betri taa izimike si njia, usiihesabu. Inafuta namba, inafuta na ile picha ya tukio ambayo kompyuta huhifadhi kosa linapotokea, spidi ilikuwa ngapi, injini ilikuwa na joto gani, mzunguko ngapi. Hiyo wanaiita frizi fremu na kwa kosa linalokuja na kupotea ndiyo shahidi pekee uliye naye. Usifute kabla hujaandika.

Kidude cha kuchomeka na simu yako

Hiki ni kile kidogo cha ELM327, unachomeka chini ya usukani, unaunganisha kwa Bluetooth, unafungua programu kama Torque au Car Scanner. Changu nilikinunua kwa elfu moja na kitu. Kwa bei hiyo hakuna kitu kinachokaribia faida yake, lakini kina masharti na watu hawaambiwi.

Sharti la kwanza ni gari yenyewe. Marekani walilazimisha mfumo mmoja wa kusoma makosa, OBD-II, kwa magari ya mwaka 1996 kwenda mbele, Ulaya kwa magari ya petroli wakaanza 2001. Gari zetu nyingi ni za soko la Japani, na Japani ilikuwa na mambo yake, kwa hivyo unaweza kukuta soketi ya matundu 16 iko palepale chini ya usukani na kidude kinaingia vizuri lakini gari haijibu, kwa sababu soketi ni ile lakini lugha si ile. Yangu mwanzo ilikataa kabisa nikadhani nimeuziwa takataka, mpaka nikaingia kwenye mipangilio ya programu nikachagua Toyota za Japani ndio ikashika. Kwa hivyo jaribu hilo kabla hujakirudisha dukani. Na kama waweza, muombe mwenye duka au rafiki mwenye kidude ukijaribu kwenye gari yako kwanza.

Sharti la pili ni simu. Vidude vya bei rahisi vya Bluetooth ya zamani havishikani na iPhone, mwenye iPhone atafute cha WiFi au kile cha Bluetooth 4.0. Na sharti la tatu, kuna kopi za kopi, zinasoma namba lakini zinakatakata ukitaka kuona data injini ikiwa inafanya kazi, na hiyo data ndiyo sababu hasa ya kununua.

Maana namba tu hata rafiki anaweza kukusomea. Uzuri wa kuwa na kidude chako ni kwamba unakuwa nacho wakati tatizo linatokea. Gari ikifika gereji inakaa kimya kama mtoto mbele ya daktari, tatizo liko kwenye foleni ya Likoni, jua kali, AC imewashwa, gari imesimama nusu saa inasubiri feri. Mie pale ndipo nilipopata jibu. Niliangalia kitu kinaitwa fyueli trimu, hiyo ni asilimia ambayo kompyuta inaongeza au inapunguza petroli ili mchanganyiko ukae sawa. Gari nzima inacheza karibu na sifuri, kujumlisha tano kutoa tano hakuna neno. Yangu pale kwenye foleni ilikuwa imefika kujumlisha 22. Kisha siku nyengine nikapita Dongo Kundu, barabara nyeupe, nikashika mwendo mmoja injini iko kama mizunguko 2,500, ikashuka mpaka 6.

Hapo nakwambia shikilia, hii ndiyo faida yenyewe. Trimu ikiwa juu gari imesimama na ikashuka ukikanyaga, basi hewa inavuja kuingia baada ya sensa ya hewa, kwa sababu tundu ni lilelile na injini ikivuta hewa nyingi lile tundu linakuwa si kitu. Ikiwa kinyume, gari imesimama iko sawa na ukikanyaga trimu inapanda, angalia petroli, pampu, filta, au sensa ya hewa chafu inayosoma kidogo. Ikiwa juu kila mahali, yaweza kuwa sensa ya hewa au presha ya petroli. Kwa elfu moja na kitu nilijua kwamba ile sensa ya oksijeni niliyolipia haikuwa na hatia.

Kinachokosekana? Kidude hakikuonyeshi tundu liko wapi, na kwa gari nyingi za zamani hakisomi ABS (kompyuta ya breki) wala airbag wala giaboksi. Na ukimaliza kichomoe, kikiachwa humo gari imelala wiki nzima kinakunywa betri pole pole.

Skana kubwa ya gereji

Hizi za Launch au Autel, zenye skrini kama tableti. Kuskani tu nililipa elfu mbili, wengine wanatoza chini, wengine juu, na wengine wanakwambia bure ukifanya kazi kwao, hiyo bure angalia vizuri utailipa kwenye spea.

Mashine yenyewe ni nzuri, sina ubishi. Inaingia kwenye kompyuta zote za gari, inajua lugha ya gari za Japani bila wewe kuhangaika na mipangilio, na inaweza kuamrisha vitu, washa feni, zima injekta ya pili, fungua valvu ya mvuke wa tangi, ukasikia kwa masikio kitu kinafanya kazi au hakifanyi. Kidude cha simu kwa kawaida hakikupi hilo. Kama taa ya injini imewaka pamoja na ya ABS, au giaboksi inapiga gia vibaya, usipoteze wakati na simu, nenda huku moja kwa moja.

Lakini mashine haifikirii. Gereji zote mbili zilizonilia pesa zilikuwa na skana kubwa. Tofauti ni anayeishika, kwa hivyo ukienda muulize swali moja tu, baada ya kusoma namba unapima nini? Akikwambia nitaangalia trimu, nitapiga moshi kutafuta panapovuja, nitapima waya wa sensa, kaa. Akikwambia mashine itatuonyesha spea, chukua namba yako, lipa uliyokubaliana, ondoka.

Na karatasi au picha ya skrini ni haki yako. Ukitoka bila namba iliyoandikwa umelipia hewa.

Fundi wa umeme mwenye mita

Huyu ndiye ninayemuamini zaidi kwa gari za pwani. Chumvi. Gari iliyokaa miaka kumi na tano Mtwapa au Likoni upepo wa bahari unaingia kwenye kila soketi, unafungua kiunganishi cha sensa unakuta kijani kijani kama shaba ya zamani, na waya wa athi unaotoka betri kwenda kwenye bodi na injini umeliwa ndani huku juu plastiki inaonekana mpya. Skana itakuletea namba tatu nne zisizohusiana, sensa ya joto, sensa ya oksijeni, sensa ya throto (mlango wa hewa ya injini), na mtu asiyejua atakuuzia zote. Namba nyingi zikija kwa pamoja bila mpango, fikiria athi na betri kabla ya kufikiria sensa.

Jirani yangu ana Probox, ilikuwa hivyo hivyo, kila mvua za Mei taa inawaka na gari inamisi, yaani silinda inakosa kuwaka, kiangazi inatulia. Tulimpelekea mzee mmoja wa Changamwe, fundi wa waya wa miaka, hana skana hata moja. Akamwambia jirani, "Mwanangu, washa." Akaweka waya mmoja wa mita kwenye negativu ya betri na mwengine kwenye chuma cha injini, jirani akastati. Mita ikaonyesha zaidi ya volti moja. Ikipita nusu volti wakati wa kustati basi athi ina kasoro, umeme unahangaika kurudi betri. Akakata, akaweka waya mpya mnene, akasafisha sehemu ya kufungia mpaka chuma kikang'aa, akapaka grisi. Kazi ya saa moja. Mvua zilizofuata gari haikumisi.

Mita hiyo hiyo inakwambia kama alteneta inachaji, inatakiwa kati ya 13.5 na 14.7 hivi gari ikiwa inafanya kazi, na inakwambia kama hita ya sensa ya oksijeni imekatika au fyuzi yake ndiyo imeungua. Hiyo ya hita inakuja na P0135 na fyuzi ni shilingi chache, angalia fyuzi kwanza, tafadhali.

Udhaifu wake ni muda na mpangilio, fundi mzuri wa waya ana foleni, anaweza kukaa na gari siku mbili akifuata waya mmoja, na hewa inayovuja mita haiioni. Hapo unataka mwenye mashine ya moshi. Yangu ilimalizwa hivyo, moshi ukapulizwa kwenye manifoldi (mabomba ya kuingiza hewa) injini imezimwa, dakika tatu nyingi ukatoka nyuma chini, kwenye mpira wa PCV, unaorudisha mvuke wa oili kwenye injini, mpira mdogo wa kidole ambao joto limeukausha ukawa mgumu ukapasuka upande usioonekana. Mpira ule bei yake haikufika hata robo ya sensa niliyobadilishiwa bure bilashi. Trimu sasa inacheza kwenye tatu.

Gari za kabla ya haya yote

Ami yangu ana Corolla AE110 ya 1997, injini ya 5A. Hapo kidude cha simu sahau na usishawishiwe na mtu. Ndani ya boneti kuna kiboksi kimeandikwa DIAGNOSTIC, ukifungua kifuniko kina majina ya matundu ndani. Unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kustati, taa ya injini inaanza kupepesa. Ikipepesa haraka haraka bila kusimama hakuna kosa. Ikipepesa mara mbili, ikanyamaza kidogo, kisha mara moja, hiyo ni 21, sensa ya oksijeni. Mbili na mbili ni 22, sensa ya joto la maji. 31 ni sensa ya vakyumu, 41 ya throto. Hakikisha matundu ni hayo hasa kabla ya kuunganisha, ukikosea unaweza kuunguza kitu. Gharama ni sifuri, na kwa gari kama ile hii pamoja na fundi mwenye mita inatosha, skana kubwa haitakuongezea kitu.

Kwa hivyo wewe uchukue ipi

Taa ikiwa inapepesa wakati unaendesha na gari inatetemeka, achana na kulinganisha, punguza mwendo, simama. Hiyo ni injini inamisi kiasi cha kutupa petroli mbichi kwenye ekzosti na masega (kile kisafisha moshi ndani ya ekzosti) yanaungua. Ikija na P0301 mpaka P0304 kuna jaribio la bure la gari yenye koili (ya kuwasha plagi) moja kwa kila silinda. Namba ikiwa P0302, toa koili ya silinda ya pili iweke ya tatu na ya tatu iweke ya pili, futa namba, endesha. Ikihama ikawa P0303, koili ndiyo mbovu, nunua moja tu. Isipohama, angalia plagi, injekta, na mgandamizo.

Taa imetulia na gari inaenda sawa, anza na kidude, hiyo ni kwa gari nyingi za 2000 kuja juu. Ukishapata namba na trimu zako ndio uende kwa fundi, na uende na picha za skrini, utaona hata mazungumzo yanabadilika. Namba nyingi kwa pamoja, au tatizo la mvua, nenda kwa fundi wa waya hata kabla ya skana. ABS au giaboksi ndani yake, skana kubwa.

Kuna moja imenikera na inaongezeka, P0420, namba ya masega. Watu wanazunguka mitaani wananunua masega ya gari, mtu anauza anapata pesa ya haraka, mwezi ujao taa imewaka na haizimiki kwa sababu sensa ya nyuma inaona moshi mchafu uleule unaoonekana mbele. Hiyo hakuna fundi atakayeitibu kwa kusoma. Ila kama hukuuza na masega yako yapo, usikubali kuambiwa yamekufa kabla hujaangalia kama ekzosti inavuja karibu na sensa, na kama injini inakula oili au inamisi, maana ukiweka masega mapya kwenye injini inayomisi yataungua kama ya kwanza. Na kwa ambaye ameamua kuishi na taa hiyo, basi kidude cha simu si hiari tena, kwa sababu taa ishawaka, kosa jengine likija, ukiacha lile la kumisi linaloipepesa, haina namna nyengine ya kukuambia. Soma kila mwezi uone kama P0420 iko peke yake.

Na ukishafika pa kununua sensa kweli, imepimwa na imethibitika, kati ya kopi mpya na mtumba wa Japani mie kwa sensa ya hewa huchukua mtumba wenye namba ileile iliyoandikwa kwenye ya zamani, nikaisafisha kwa dawa yake. Kwa sensa ya oksijeni sichukui mtumba, hiyo inachakaa kwa kutumika, nitanunua mpya ya jina la kampuni hata kama nitasubiri mshahara. Baada ya kuweka usiwe na haraka ya kufuta, kosa likiwa limeondoka kweli gari nyingi huizima taa zenyewe baada ya safari tatu hivi nzima bila kosa, na mie napenda kuiona ikizimika hivyo kuliko kuzimwa na mtu.